Somo Langu Lilivyogeuzwa Dawa

Mama alishona kanzu na sare za shule mtaani Kaloleni kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipoupoozesha mkono wake wa kulia. Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, ila mazoezi ya kila siku, hasa miezi ya mwanzo, yangeweza kuifundisha sehemu iliyobaki kuuendesha mkono. Basi kila alasiri nikitoka kufundisha, nilikaa naye akikamua sponji na kuokota vifungo mkekani. Wakati mwingine alilia, lakini aliendelea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango. Kliniki za watu binafsi ziliota kila mtaa, nyingine za maana, nyingine meza na koti jeupe tu. Siku moja nilirudi nikakuta sponji limekauka na makopo matatu ya vidonge mezani. Mama akanieleza kwamba kijana wa kliniki moja ya Kijenge alikuwa amemshauri aache mazoezi. Eti ubongo una seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, vidonge vile vinaziamsha, na mazoezi yanazichosha.

Nikamuuliza huyo kijana mambo ya seli ameyajulia wapi.

"Amesema ulimfundisha wewe," Mama akajibu, tena kwa fahari.

Kesho yake nilikwenda Kijenge. Nilimtambua kabla sijaingia: aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, mmoja wa wachache waliopenda somo la jeni. Ukutani alikuwa amebandika mchoro niliouchora mimi ubaoni, kuonyesha kwamba seli ya ngozi na seli ya ubongo zina jeni zilezile, na tofauti ni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamaza. Chini yake alikuwa ameandika bei ya vidonge.

Aliniamkia kwa heshima, akanivutia kiti. Sikukaa. Nilimwambia mbele ya wagonjwa wake kwamba anawadanganya.

"Mwalimu, si wewe uliyesema seli hizo zipo?"

"Nilisema zipo. Nikasema pia kwamba hakuna anayejua namna ya kuziamuru ndani ya kichwa cha mtu mzima."

"Hiyo sehemu ya pili watu hawainunui," alisema kwa sauti ya chini, bila haya.

Mzee mmoja mwenye fimbo akaniomba nimwache kijana afanye kazi. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyenyanyuka kwenye benchi akaondoka.

Nikayachukua makopo ya Mama, nikaenda kulalamika kwa wanaohusika na afya. Ofisa akayageuzageuza makopo, akanijulisha kwamba kibali kipo, maana vidonge vile vimeandikishwa kama chakula, si dawa.

Mama alininunia siku nyingi bila kugusa sponji, akisema nimempokonya tumaini. Alirudi kwenye mazoezi, lakini wiki sita za miezi ile ya mwanzo zilikuwa zimeshapotea. Mkono ulirudi nusu: aliweza kushika kikombe, kushona hakushona tena. Siwezi kuapa kwamba wiki zile zingeleta tofauti, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ndugu zangu huniambia nisamehe, kijana alikuwa anatafuta maisha. Na Mama je, alikuwa anatafuta nini?