Mjapani Aliyelala Kifudifudi Kando ya Kichuguu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Korogwe yakajaa bati na saruji, kila aliyeuza magunia mawili ya mahindi alitaka kuezeka bati. Mimi fundi mwashi sikukosa kazi. Siku moja nikaitwa Sindeni kujenga zahanati, na huko nikamkuta msanifu majengo kutoka Japani, kijana mwembamba, ndiyo kwanza amemaliza chuo.

Siku tatu za kwanza hakuchora hata mstari. Alilala kifudifudi kando ya kichuguu, akichochea moshi wa majani kwenye tundu la chini ili aone utatokea wapi. Akina mama waliotoka kisimani walimcheka mpaka ndoo zikamwagika.

"Fundi," aliniambia, "mchwa wanajenga vizuri kuliko mimi. Ndani kwao hakuna joto."

"Mchwa hawana kamati," nikamjibu.

Sisi tulikuwa nayo, kamati ya ujenzi ya kijiji. Mwenyekiti aliposikia habari za kuta za udongo zenye matundu, alisimama. "Nyumba za udongo tunazo! Tunataka bati, ling'ae mpaka watu wa Mkata walione."

"Bati utapata, mzee," kijana akasema. "Mimi nipe kilicho chini yake."

Mzee alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka.

Tukajenga hivyo: kuta nene za matofali ya udongo, matundu usawa wa goti, mengine juu karibu na paa, na chini ya bati dari ya miti ya mkonge tuliyoipata Mazinde. Nilinung'unika kila nilipoacha tundu. Fundi gani huyu anayejenga mapengo? Lakini mchana wa kwanza wa jua kali niliingia ndani, jasho likakauka. Nikatoka, nikaingia tena, nihakikishe. Zahanati ilipofunguliwa, mganga alipata taabu ya kuwatoa watu wazima wa afya waliojipumzisha kwenye mabenchi.

Kijana akarudi kwao, akawa msanifu mwenye jina. Miaka ikapita, ikaja bahasha yenye picha ya maktaba aliyoijenga: nguzo zimesimama ovyo ovyo kama miti ya porini, paa limejikunja kama jani la mgomba. Mke wangu akaigeuza huku na huku.

"Nzuri. Na mvua ikinyesha?"

Nikamwandikia swali hilo. Jibu likaja kwa Kiswahili:

"Mwambie mama, inavuja kidogo. Pale kwenye vitabu vya hesabu tu."