Sauti Kutoka Majini

Jirani yangu hapa Bwiza amefua leo, na harufu ya sabuni na mashuka mabichi imenirudisha ziwani. Nilikuwa mdogo. Dada yangu alisuuza mashuka, maji yakimfika kiunoni. Mama alikuwa ametuonya: “Mambamutu ni nusu mutu, nusu samaki. Inaita na sauti ya mutu unapenda. Ukiitika, inakubeba.”

Nikianika nguo kwenye nyasi, nilisikia nyuma yangu nikiitwa nije: “Mudogo yangu, kuya! Kuya!”

Ilikuwa sauti ya dada kabisa, ndiyo maana niliogopa. Niliziba masikio, nikafumba macho. Nilipogeuka, shuka lilikuwa likielea peke yake.

Watu walisema mambamutu imemchukua. Mama akanikumbatia, akamshukuru Mungu kwamba mimi sikuitwa.