Maji ya Gari la Mwalimu

Nilirudi Kibirichia mwezi wa saba, wakati ambao mtu mwenye akili zake hubaki mjini. Nilipoamka, nyasi za kwa nyanya zilikuwa nyeupe kwa jalidi, ng'ombe wanatoa moshi puani, na shangazi yuko jikoni ananichomea viazi kwenye majivu kama zamani. Shangazi huyu ni binti wa mwisho wa nyanya, na ndiye aliyebaki na boma. Nilikula viazi vitatu nikiwa nimesimama, chumvi kiganjani, kisha nikatoka kwenda kufungua boneti ya gari nililokuwa nimelinunua jana yake.

Sikulihitaji gari hilo. Mimi ni mpima mashamba, nakaa mjini Embu, na nikitumwa Ishiara au kule juu Kibugu ofisi hunipa gari. Lakini binamu yangu aliponipigia simu kwamba mwalimu wetu wa zamani anauza lile gari lake dogo la kijivu, sikuuliza hata kama linatembea. Nilimwambia amzuie, asimuuzie mtu mwingine. Wewe ni rafiki yangu, kwa hiyo sitakuficha: nililinunua kwa chuki.

Nilichotaka kuangalia kwanza ni mipira ya hita. Kama mambo ya magari si yako, nikueleze kidogo. Maji yanayopoza injini hupata moto, na mipira miwili myeusi huyapeleka ndani ya dashibodi kwenye kirejeta kidogo, kisha huyarudisha. Feni ikipuliza hapo, miguu yako inapata joto. Kibirichia kitu hicho si anasa. Basi mipira ile ilikuwa imevimba karibu na klipu, imepasukapasuka, na mmoja umezungushiwa vipande vya blada ya baiskeli, kimoja juu ya kingine, vya juu vikiwa bado laini na vya chini vimekauka kama ngozi. Nikaubonyeza. Ukatoa tone la maji ya kahawia na ile harufu yake, harufu ya mpira uliopikwa. Nikawa mtoto wa miaka kumi na miwili tena, na hasira yangu niliikuta pale pale nilipoiacha.

Mwalimu alikuwa mtu wa Kibugu, kwenye mashamba ya chai, akaletwa kwetu kufundisha hesabu, akapapenda, akanunua shamba. Kimeru chetu hakukitaka, kwa hiyo hata sokoni tulisemezana naye kwa Kiswahili, na sisi watoto tukamwogopa mara mbili. Gari lake lilikuwa la pekee pale shuleni. Lilifika kila siku kengele ikilia, likitoa mvuke, kwa sababu mpira wa hita ulikuwa unavuja. Mwenyewe, badala ya kushuka Meru mjini anunue mwingine, alikata blada ya baiskeli akaufunga. Ukavuja vile vile, akafunga tena. Kila asubuhi rejeta ilikuwa na kiu, na wa kuinywesha nilikuwa mimi.

Kwa nini mimi? Nimejiuliza sana. Nilikuwa na nguvu, sikuwa na baba wa kuja kuuliza, na nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Alinianza nikiwa darasa la sita. Ananipa mtungi wa njano, anasema "maji" bila kuniangalia, anaingia darasani na chaki yake. Nami nateremka kijitoni miguu mitupu juu ya jalidi. Kutoka kule chini nilisikia wenzangu wakimjibu kwa sauti moja. Swali lilikuwa halinifikii, jibu ndilo lilinifikia. Sehemu, asilimia, eneo la duara, vyote nilivisoma hivyo, majibu bila maswali. Nikipanda na ule mtungi, nikishamimina kwenye rejeta, nikikausha mikono kwenye sketi, somo la hesabu limekwisha na mwalimu anafuta ubao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa darasa la sita, la saba na la nane. Siku ya wazazi, nikiwa la nane, alimsimamisha nyanya mbele ya watu wote, nyanya yangu aliyekuwa amevaa kile kitambaa chake cha kanisani, akamwambia, "Mama, huyu kichwa chake hakishiki hesabu. Mtafutie jembe." Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Nyanya akaitikia kwa kichwa. Yeye hakusoma, na neno la mwalimu kwake lilikuwa sawa na la mchungaji. Jumamosi iliyofuata akarudi kutoka sokoni na jembe jipya lenye mpini laini, akaniegemezea ukutani karibu na kitanda, halafu akanipikia mukimo wa viazi na mahindi. Hakufanya kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alinipikia vizuri siku ile akinipoza.

Baadaye mama mdogo alinichukua Embu, nikarudia darasa la nane katika shule ambayo haikuwa na mwalimu mwenye gari. Hesabu ziliingia zenyewe. Ila nyanya alifariki mwezi mmoja kabla ya matokeo. Alikufa akijua mjukuu wake ni mjinga, na mimi nimepima mashamba ya watu wilaya nzima nikiwa na hilo kifuani.

Sasa unajua kwa nini nililitaka gari. Lakini gari lenyewe lilikuwa njia tu. Nilitaka mzee yule aseme kwa mdomo wake alichonifanyia, kabla hajafa na yeye. Siku ya kuuziana alinipa mkono, akaniita mama, akaniuliza watoto wanaendeleaje. Hakuonyesha kunikumbuka. Nililala kwa shangazi usiku huo nikisaga meno.

Usinionee huruma sana, maana na mimi nilikuwa nimemfanyia kitu. Katikati ya darasa la saba niliacha kuteka maji pale kwenye mawe, penye maji safi, nikawa nateka pale ng'ombe wanaponyweshwa. Kwanza nayakoroga kwa mguu mpaka yanakuwa mazito, ndipo nazamisha mtungi. Mwalimu yuko darasani, haoni. Kila asubuhi nilimimina udongo wetu mwekundu ndani ya gari lake kwa uangalifu wote, bila kumwaga hata tone. Mwaka uliofuata alianza kuonekana akiendesha amevaa koti zito na glavu, na blanketi magotini, pumzi yake imejaa kwenye kioo. Watu walisema hita ya mwalimu imekufa na mafundi wameshindwa. Mimi nilikuwa nikisimama kando ya njia na kumpungia mkono. Furaha niliyokuwa nikiipata hapo, sijapata kuipata kanisani.

Basi asubuhi hiyo kwa nyanya nikaanza kazi, injini ikiwa baridi. Nilikinga beseni chini, nikafungua maji ya rejeta, nikalegeza klipu kwa bisibisi. Mipira ya zamani huwa imeng'ang'ania, na ukiivuta kwa nguvu utavunja vibomba vya hita ambavyo ni vyembamba. Niliipasua kwa kisu kwa urefu, pole pole, nikaibandua. Halafu nikachomeka mpira wa bustani wa shangazi kwenye kibomba kimoja, nikafungulia mfereji wa tangi. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha kibomba cha pili kikakohoa, kikaanza kutema tope. Jekundu, zito, la kwetu kabisa. Nikageuza mpira upande wa pili, likatoka zaidi, beseni ikajaa. Nilicheka peke yangu mpaka shangazi akachungulia mlangoni.

Nilikuwa nimekwisha kuvalisha mipira mipya na kukaza klipu za mwisho mwalimu alipotokea langoni na fimbo yake.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema. "Nimeleta funguo ya pili. Ilibaki kwa mfuko ya koti." Akatazama injini. "Unafanya hiyo kazi mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwalimu. Imebaki maji tu."

Wazo lilikuja hapo hapo, na sikulifukuza. Tangi la shangazi lilikuwa hatua kumi kutoka tulipokuwa. Nikachukua mtungi mdogo, nikamnyooshea, nikamwonyesha mfereji ulioko chini kabisa ya shamba la viazi.

"Maji," nikasema.

Shangazi alitoka jikoni akipangusa mikono. "Ai! Unatuma mwalimu maji? Na hii tangi imejaa?"

"Ya tangi ina majani," nikadanganya.

Mwalimu aliniangalia, akauangalia mtungi, akaupokea. Aliteremka kati ya matuta ya viazi kwa hatua fupi fupi, na shangazi akaniambia mambo kwa Kimeru ambayo sitayaandika. Sikumfuata mzee. Nilikaa juu ya jiwe nikamwangalia akishuka, akikinga, akipanda na kupumzika mara mbili. Watu husema kisasi kikishafika hakina ladha. Mimi changu kilikuwa kitamu, nilikimung'unya mpaka aliponifikia, suruali imelowa magotini.

Nilichanganya yale maji na kulanti, ile dawa ya rejeta, nikajaza, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi na hita imefunguliwa mpaka mwisho, tukangoja hewa itoke. Viputo vilipoisha nikafunga. Mipira haikutoa hata jasho. Nikamwambia aingie nimfikishe kwake.

Tulipanda barabara ya shule. Shule ile sasa imejengwa kwa mawe, ina tangi kubwa kila pembe, na kijito kimebaki mstari wa matope kati ya mikalitusi. Watoto walikuwa na viatu na sweta, wako darasani wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa njiani na mtungi. Nilitafuta kwa macho mawe niliyokuwa nikikanyaga nikiteka, sikuyaona. Hata kule bomani tulikotoka, pale palipokuwa na nyumba ya mbao ya nyanya pamepandwa kabichi. Mtu angeweza kusema kwamba hayo mambo hayakuwahi kuwapo.

Ndipo joto likaanza kuja. Mwalimu alinyoosha mkono mbele ya tundu la hewa, akaugeuza upande huu na huu.

"Hita hii miaka mingi ilikataa," akasema. "Mafundi walishindwa."

"Ilikuwa imejaa udongo. Nimetoa beseni nzima."

Tukavuka daraja. "Ni wewe ulikuwa unaweka," akasema, naye hakuwa anauliza. "Nilijua kitambo. Jioni moja nilifungua kifuniko nikaona matope. Nikajua ni yule msichana wa maji."

Nilishika usukani kwa nguvu. Kumbe alinijua langoni, alinijua siku ya kuuziana, na alinijua akipokea mtungi. "Mbona hukunichapa?" nikamuuliza. "Ulikuwa unatuchapa kwa makosa madogo kuliko hayo."

"Ningekuchapa, ningekuuliza kwanza kwa nini umefanya." Aliirudisha mikono yake magotini. "Na ningekuuliza, ungeniambia."

Hapo hasira yangu ilipanda upya, na safari hii haikuwa ya mtoto. Miaka yote nilifikiri hakuona. Kumbe aliona vizuri, akachagua baridi. Alikubali kutetemeka ndani ya gari lake mwenyewe asubuhi baada ya asubuhi, mradi asisikie neno langu. Na bado aliendelea kunipa mtungi.

"Basi niulize sasa," nikamwambia.

Joto lilikuwa limejaa ndani ya gari, kioo kiko safi.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikaanza mwanzo, darasa la sita, jalidi ya siku ya kwanza. Sikuharakisha, na sikupunguza neno. Nilimweleza majibu niliyokuwa nikiyasikia kutoka kijitoni, na jinsi nilivyojaribu kuyabunia maswali yake. Hakunikatiza. Tulipofika langoni kwake alishika mpini wa mlango, lakini sikusimama. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika darasa la saba, na habari ya nyanya iko darasa la nane.