Mabega ya Kipoyi, Kutoka Kasongo Mpaka Kabambare

Siku ya kwanza ya kazi, kule Kasongo, nilibeba Bwana Agronome, muzungu wa kusimamia mashamba ya pamba, mutu muzito kama nyumba ya matofali na wenyeji wake ndani. Kipoyi, wajukuu, ni kiti juu ya miti mbili. Watu wanne tunatia mabega chini ya ile miti. Kesho yake sikuweza kuinua mukono hata kujikuna.

"Nakufa!"

Kapita, mukubwa wa wabebaji, akacheka. "Haukufi. Nyama ya mwili iko najifunza kazi. Kunywa maji, lala, kesho kutwa utaimba."

Alinifundisha kutambua maumivu yote. Bega moja linauma? Haukubadilisha bega. Muguu unakazana kama kamba? Umetoka jasho, haukukunywa. Mwili muzima unauma, na unasikia baridi kwa jua kali? Ile haiko kazi, ni homa.

Halafu nikakuwa kapita mimi mwenyewe. Kwa kipoyi, wa mbele anaimba, wa nyuma wanaitika. Mwenye kuchoka anaitika na matusi, lakini anaitika. Siku moja, tukipita Lusangi na Bwana Agronome juu, Yuma, mubebaji wa nyuma, ambaye sauti yake ilikuwa naangusha ndizi, akanyamaza. Kipoyi ikayumba.

Bwana akalalamika kule juu: "Muvivu! Leta fimbo!"

Yuma akaanguka magoti, meno yanapiga ngoma. "Yaya, mukubwa wangu, mifupa yote..."

Nikasimama kati yake na fimbo. "Bwana, muvivu angetukana. Huyu amenyamaza. Mushike kichwa."

Bwana akashuka, akagusa, akatoa mukono mbio kama ameshika chungu cha moto. Akafungua sanduku, akamupa kinini, dawa ya homa.

"Sasa tunamubeba yeye," nikasema.

"Na mimi?"

"Bwana iko na miguu mizuri!"

Tukaingia Kabambare Yuma juu, Bwana chini na vumbi. Akina mama vigelegele! Yuma akapona.

Asubuhi ya kwanza kule Kabambare, Bwana akashuka kinyumenyume ngazi ya nyumba alimolala, analia miguu inamuuma. "Kapita, mimi pia iko na homa?"

"Unasikia baridi?"

"Hapana."

"Unaweza kutukana?"

Akatukana Kifaransa mpaka kuku wakahama kijiji.

"Basi ni kazi tu, Bwana. Kunywa maji, lala, kesho kutwa utaimba."

Sasa nimestaafu. Bega langu lina shimo la kutosha kulalisha kuku na vifaranga, na ninalionyesha kila mugeni. Asubuhi nyingine naamka mwili wote unauma. Nangojea kwanza, nijue kama ni homa. Ng'ambo ya njia Yuma anaanza kuimba, mimi naitika, na matusi juu. Basi nachukua jembe.