Damu ya Visiwani

Enzi zile za ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kufanya biashara na twisheni zikaota kila kona ya Mwanza, hakuna mwalimu wa baiolojia aliyejaza darasa kumshinda Mhoja wa Ilemela. Seli, kiini, chembe za urithi, vitu visivyoonekana kwa macho, yeye alivizungumzia kama majirani zake. Wanafunzi waliandika, wakafaulu, wakaenda zao.

Nyumbani sasa! Nyumbani mwalimu alikuwa bubu.

Mtoto wake wa kwanza alifariki hata shule hajaanza. Wa pili, Kija, naye akaanza kulia mifupa inamuuma, macho manjano. Mhoja akampeleka hospitali peke yake. Daktari akapima damu, akasema ni selimundu: seli nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo. "Amerithi kwenu wote wawili, wewe na mkeo."

Aliporudi, Mhoja akasema tu, "Ni damu." Mama yake, Kashindye, akalidaka neno. "Si nilisema mimi! Damu ya visiwani hiyo!" Rebeka, mke wa Mhoja, alikuwa Mkerewe, mzaliwa wa visiwani. Mhoja akanyamaza. Dume zima la Kisukuma, lililotoa ng'ombe likaoa, liseme na lenyewe lina kasoro? Aliona haya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliacha aumbuliwe mkewe.

Ukimya wake ukazaa kikao. Baba yake mdogo, Chenge, akaja kutoka Magu na uamuzi tayari mdomoni: Rebeka arudi kwao, ng'ombe warudishwe, Kija abaki. Rebeka alikaa mkekani, mtoto mapajani, machozi yakimtiririka bila sauti.

Hapo Mhoja akashindwa kuvumilia. Akauvuta ungo wa maharage aliokuwa akichambua mama yake, akatenga zima moja na bovu moja.

"Haya mawili ni mimi. Na Rebeka ni hivihivi. Zima linamlinda mtu, ndiyo maana hatuumwi. Kija alipewa bovu langu na bovu la mama yake. Mkimfukuza Rebeka, nifukuzeni na mimi."

"Na wewe hilo bovu umelitoa wapi?" Chenge akafoka.

"Kwa walionizaa, baba."

Kashindye hakufoka. Aliuliza polepole, "Na dada zako niliowazika? Macho yao yalikuwa manjano hivihivi."

"Sikuwapima, mama. Ila naona ndicho kilichowaua."

Yule mama akamgeukia shemeji yake. "Chenge, sasa Paskazia tulimfukuzia nini?"

Paskazia alikuwa mke mwenzake. Walimwita mchawi, wakasema amewala wale watoto, wakamtoa nyumbani na nguo za mwilini tu. Hakuna aliyejua aliishia wapi. Kashindye akaanza kulia kwa kwikwi, mikono kichwani, akilitaja jina la mwenzake.

Rebeka hakuwatazama hao. Alimtazama mumewe.

"Baba Kija, hili ulilijua tangu siku ile ya hospitali?"

"Nililijua," akasema Mhoja, yule fundi wa maneno.

"Nikitukanwa humu ndani, ulikuwa unalijua."

"Ndiyo, mke wangu."

Rebeka akanyanyuka na mwanawe, akaingia chumbani, akafunga virago vyao wawili. Alipopita katikati ya kikao kuelekea bandarini, hakuna aliyethubutu kusema mtoto abaki.