Maji ya Kware

Mama yangu alikuja Nairobi kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe hakulielewa. Baba alikuwa karani wa stoo huko viwandani. Miaka mingi aliishi mjini peke yake, sisi tukamngoja Ukambani, akija Krismasi na mkate na sukari. Kila mwaka alimwomba mama tuhamie kwake, na kila mwaka mama alikataa. Kisha akaja na habari kwamba amepata nyumba mahali panapoitwa Kware. Mama akatega sikio. Kware alimjua: ndege yule anayepiga kelele alfajiri vichakani nyuma ya boma letu, anayependa kukimbia kuliko kuruka. Mahali penye jina hilo, aliwaza, hapawezi kuwa pabaya sana. Akakubali, lakini kwa sharti. Angejaribu. Akishindwa, angerudi shambani, na mimi ningebaki na baba kwa ajili ya shule.

Sharti hilo nililisikia kwa masikio yangu. Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani ila kumchunga mama asishindwe.

Tulifika mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kulikuwa na vumbi jeupe, malori, na nyundo zikigonga tangu asubuhi. Mama alishusha godoro, akaangaza huku na huku, halafu akamwuliza jirani yetu, muuza mboga kutoka upande wa Murang'a, ndege wako upande gani.

"Ndege gani, mama?" Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. "Kware ni ya mawe. Hapa watu wanachimba mawe ya kujenga."

Ni neno la Wazungu la machimbo, quarry. Liliingia vinywani mwa wachimba mawe, likatoka limevaa Kiswahili. Mama hakucheka. Alimtazama baba, na baba akalitazama godoro.

Usiku huo baba alijaribu methali. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu gani kwenye mawe?" mama alijibu, akageukia ukutani.

Kilichotuokoa ni maji. Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za mabati kulikuwa na shimo la zamani, ambalo wachimbaji waliliacha baada ya chemchemi kuwashinda. Mvua ikalijaza, mbegu zikaja na upepo, au na miguu ya ndege, sijui. Tulipolikuta, mimi na mama, tukitafuta mahali pa kuanika nguo, lilikuwa ziwa. Upande mmoja ukuta wa mwamba ulisimama wima, na alama za patasi bado zilionekana. Upande wa pili, ambako lori zamani zilishukia, udongo mweusi uliteremka polepole mpaka majini, na hapo matete yalikuwa yameota marefu kunipita. Mama aliweka beseni chini. Aliyatazama maji, na mimi nikautazama uso wake.

Siku hizi nikisikia watu wakisema upande ule wa Embakasi haujawahi kuwa na chochote isipokuwa maghorofa na kamba za nguo, napandwa na hasira. Mimi nimeona yangeyange wakitua pale jioni, weupe, wakigombania mti mmoja wa mgunga uliokuwa umeinama juu ya mwamba. Nimemwona mdiria, ndege mvua samaki, akiganda hewani kisha akijitupa majini. Kulikuwa na fundichuma mwenye kisogo kama nyundo, na mama alisema huyo ndiye mchimba mawe pekee anayestahili kuishi hapo. Kiangazi maji yalishuka, na ukutani yakaacha mistari myeupe. Mvua ikirudi, vyura walipiga kelele hata wapangaji wakalalamika kwa mwenye nyumba, naye akawauliza wanataka awafukuze vyura kwa notisi gani.

Lakini kipenzi cha mama kilikuwa kwera, ndege wa manjano wanaofuma viota kwenye matete. Dume hufuma kiota, akaning'inia chini yake akipiga mabawa, jike akaja kukagua. Jike asiporidhika, dume hufumua jani kwa jani na kuanza upya. Jumapili moja baada ya kanisa mama alimleta baba akiwa bado na tai shingoni.

"Mwangalie mwenzako," alimwambia. "Yeye halaumu jike."

Baba alicheka, akavua viatu, akakaa nasi kwenye jiwe mpaka jua likatua. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nasema bila haya. Tuliishi hivyo misimu kadhaa. Mama akaacha kulitaja shamba kila siku, na mimi nikaanza kulala usingizi wa watoto wengine.

Kisha lori zikarudi, safari hii zikiwa zimebeba. Zilimwaga udongo na vifusi upande wa matete. Vijana waliokuwa wakisimamia walimwona mama amesimama pale na mmoja akamwuliza, "Mathe, unacheki nini? Hapa inakuja ploti."

"Naangalia ndege," mama alisema.

"Wataenda tu, mathe. Ndege hawalipi rent."

Yangeyange walibaki kidogo, wakiokota wadudu kwenye vifusi. Kwera waliendelea kufuma kwenye kipande cha matete kilichosalia mpaka kikafunikwa. Mvua iliponyesha, vyura wachache walilia chini ya mawe, hatujui wapi. Halafu msingi ukachimbwa, ghorofa ikaanza kupanda. Baba alimwambia mama kwamba mtaa wa pili, Tassia, kuna bwawa, tungeweza kuhamia huko.

"Na hilo nalo lina jina la ndege?" mama aliuliza, lakini kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

Aliondoka baada ya shule kufunguliwa. Hapakuwa na ugomvi. Alinipangia nguo zangu upya kabatini, ingawa ni yeye aliyekuwa akisafiri, akamwonyesha baba unga uko wapi. Nilimkumbuka mama kila jioni, na nilipochungulia dirishani niliona ukuta wa jirani tu.

Alikuja kututembelea Pasaka, na kuku wawili hai na gunia la mbaazi. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa ndani nikiosha vyombo. Nikasikia sauti yake nje ikisema, "Hodi."

Nikangoja aingie. Hakuingia mpaka nilipomwambia karibu.