Siku Niliyokojoa kwa Niaba ya Familia Nzima

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe, maana kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, wanaijua na kila mmoja anaiongezea chumvi, mpaka wapo wanaosema nilijaza ndoo. Ndoo hapana. Zilikuwa chupa tano, tena ndogo.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kambi bado mpya, nami nimetoka Burundi na ufundi wangu wa maabara kichwani tu (vyeti viliungua na nyumba), hakuna aliyeuhitaji, mpaka akaja daktari mmoja wa Kimalawi, mama mtafiti wa kichocho, aliyesomea Dar es Salaam na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akanichukua nimsaidie kukusanya mikojo. Wee! Nilitembea kifua mbele, watu wananiita "Docteur" nami siwasahihishi.

Masharti yalikuwa wazi: kila mtu ajaze chupa yake mwenyewe, kati ya saa nne na saa nane mchana, baada ya kukimbia kidogo, kwa sababu hapo ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Dawa ilikuwa chache, wangepewa wale tu watakaokutwa na mayai. "Nakupa siku tatu," akasema Mama Daktari. Mimi, kwa kupenda sifa, nikamjibu moja inatosha.

Sasa mnajua kambini kila kitu ni kwa kadi ya familia: mahindi, maharage, mafuta, sabuni, mkubwa wa familia anapanga foleni na kuwabebea wote. Saa saba ikafika, mke wangu Konsolata na watoto wetu watatu bado wako kwenye kibarua cha shamba, chupa zetu tano tupu, na msimamizi ndiye mimi! Nikawaza, mahindi yao nabeba, mafuta yao nabeba, mkojo ndio utanishinda? Nikanywa vikombe vitatu vya maji, nikasubiri, nikaenda nyuma ya choo nikajaza zote. Kugeuka hivi, jirani yangu Baba Nestori amesimama na kundi la wanaume, chupa mikononi.

"Docteur, kumbe njo vile banafanya?"

Ningesema hapana, yangeishia pale. Nikaona haya. "Eh, mukubwa wa famille anaweza kusaidia bantu yake."

Saa nane sanduku lilikuwa limejaa, na Mama Daktari akanipigia makofi.

Kesho yake tukaenda naye Capital Hill, kwenye ofisi za serikali Lilongwe, mbele ya wakubwa wawili ambao ndio wangetia sahihi dawa zitoke. Nilivaa koti la kuazima. Yeye kwenye darubini, mimi nasoma majina kwa sauti ya msomaji wa kanisani. Familia ya Baba Nestori: baba, mayai. Mama, mayai. Watoto wawili, mayai, tena idadi karibu ileile. Nikasoma chupa ya mwisho: mtoto mchanga, wiki mbili.

Mama Daktari akachungulia, akainua uso polepole, akaniita bwana kwa Kichewa. "Mayai. Bambo, huyu mtoto alizaliwa ndani ya mto?"

Ningeweza kusema anaogeshwa maji ya bondeni (uongo ulishafika kwenye meno). Lakini nikaona dawa zikienda kwa chupa badala ya wagonjwa, nikashindwa.

"Dokotoro, baba yake njo alijaza zote. Alinifwata mi."

"Na za kwako?"

"Zote tano ni za mi."

Mama Daktari akawatafsiria, na mkubwa mmoja alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mwenzake alifunga faili, akasema turudi mwakani.

"Munipe kesho moja tu," nikasema. "Nikishindwa, munifukuze."

Mama Daktari akaomba faili libaki mezani.

Kesho yake, saa nne kamili, kambi nzima ilikimbia uwanjani, mabibi na wajukuu, mimi mbele na lile koti la watu, na kila mtu akajaza yake, mmoja mmoja, nimesimama pale (kwa heshima, nimegeuza uso). Nilikaa kwenye darubini na Mama Daktari mpaka chupa ya mwisho, na hakuna hata moja aliyonisahihisha. Faili lilitiwa sahihi, na kwenye ripoti, chini ya jina lake, Mama Daktari aliandika langu. Najivuna mpaka leo, sifichi.

Lakini kati ya chupa zile kulikuwa na ya binti yangu Devota, aliyekuwa akichota maji bondeni kila asubuhi. Mayai ya kichocho, kila moja na kimwiba chake mkiani. Nilihesabu mara mbili. Kwenye orodha ya kwanza Devota alikuwa mzima kabisa, kwa sababu mimi ni mzima.

Konsolata aliposikia hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Devota, ungemunyima mutoto dawa kwa mukojo yako."

Devota alimeza vidonge, akapona, leo ana watoto wake na anaupenda mkasa huu kuliko mtu yeyote. Nami mahindi ya familia nitabeba, na mafuta nitabeba. Chupa, kila mtu na yake.